Kwa nini timba bado inanunuliwa

Nashona nyavu hapa Kirumba, Mwanza, na vijana wapya wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, huniuliza: fundi, timba ina ubaya gani, mbona inavua kuliko nyavu nyingine?

Kweli inavua. Timba, nyavu iliyopigwa marufuku, ni ya uzi mmoja tu wa nailoni, mwembamba, unaopitisha mwanga, kwa hiyo samaki haioni vizuri hata maji yakiwa meupe. Nyavu halali imesokotwa kwa nyuzi nyingi ndogo. Kata kipande ukizungushe kinyume kwa vidole: halali itaachia nyuzi, timba itabaki ngumu kama mshipi wa ndoano. Maandishi ya kwenye mfuko usiyaamini. Nimeshika bando limeandikwa inchi 6, nikavuta jicho, yaani tundu la nyavu, mpaka likafunga, nikapima fundo hadi fundo: 5. Kwa sangara, sheria inaanzia 6. Ukishuka hapo unabeba wasiofika sentimita 50, ambao hata kuwauza ni kosa.

Ila hasara ya mvuvi mwenyewe iko kwenye ushonaji. Fundo la timba huteleza, na ikichanika hakuna fundi anayehangaika nayo. Hutupwa, mara nyingi humohumo ziwani. Haiozi, inaendelea kunasa samaki wasiotolewa na mtu. Mvuvi anarudi kununua nyingine. Mwenye magendo anakula hapo: mteja wake harudi kwa kupenda, anarudi kwa sababu nyavu imekwisha.

Kuiingiza si kazi. Imepigwa marufuku kwetu chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake, Kenya na Uganda vilevile, lakini mpaka wetu ni maji, na bando lake ni dogo, linakaa chini ya magunia kwenye mtumbwi unaotia nanga usiku kisiwani.

Msako ukija, nyavu huchomwa. Siupingi moto. Lakini deni la mvuvi kwa tajiri wa mtumbwi haliungui, na kwa mkopo mdogo atakaopata tena, anachoweza kununua ni timba ileile. Mimi ningeanzia stoo; mwenye mabando ndiye anayejua mzigo ulitokea wapi, kijana mwenye vipande vitatu hajui.

Ukienda kununua, beba rula. Muuzaji akikataa usivute jicho kupima, nenda duka la pili.