Ukishavunja kuta, usiite ukarabati

Nyumba imevunjwa mpaka kwenye jamvi, lile zege la sakafu ya chini. Tofali mpya zimepangwa, nondo za nguzo zimesimama, lori la kokoto limeziba njia, na mwenye nyumba akipigiwa simu anajibu: "Niko kwenye ukarabati kidogo." Mtaa wa pili kuna aliyepaka rangi na kubadilisha vitasa, naye anatangaza kwamba amejenga upya. Kati yao yupo anayemwaga zege la nguzo apandishe ghorofa juu ya nyumba aliyoiacha babu yake. Huyo anasema anaongeza tu. Hata matangazo ya mafundi siku hizi yamejaa "tunakarabati nyumba za aina zote", na picha iliyowekwa chini yake ni ya nyumba ambayo haina hata tofali moja la zamani.

Maana yenyewe haina ugumu. Ukarabati ni kuirudisha nyumba katika uzima wake huku kiunzi kikibaki: msingi, kuta au nguzo zinazobeba mzigo, na mara nyingi kenchi za paa. Upanuzi ni kuongeza eneo ambalo halikuwepo, pembeni au juu. Kujenga upya ni kuondoa kiunzi na kuweka kingine, hata kama kiwanja ni kilekile, ramani ni ileile na umerudisha mlango wa mbele wa zamani. Kupaka rangi, kuziba bati linalovuja na kubadilisha bomba ni matengenezo, kazi ambayo kila nyumba inaidai kila mwaka.

Kwa hiyo kipimo ni kile kilichobaki kimesimama. Ukubwa wa gharama hauhusiki, wala wingi wa mafundi, wala nyumba inavyong'aa baada ya kazi. Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, lilipoungua Julai 2021, mradi uliofuata ulitajwa kwa maneno mawili tofauti: ukarabati wa soko la zamani na ujenzi wa soko jipya. Jengo la zamani, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilibaki na nguzo zake za zege zinazotanuka juu kubeba paa, kwa hiyo lilikarabatiwa. La pembeni yake ni jengo jipya, kwa hiyo lilijengwa. Na kule Magomeni Kota, nyumba za zamani zilipobomolewa na maghorofa yenye makazi 644 yakazinduliwa mwaka 2022, sijamsikia mtu akisema Magomeni imekarabatiwa. Tukiangalia kiwanja cha serikali tunaona sawasawa. Tukirudi kwenye kiwanja chetu macho yanaingia ukungu.

Ukungu huo una bei, na hapa ndipo ninapokereka. Mtu anachagua "kukarabati" kwa sababu neno linasikika rahisi, na kichwani ameshapiga hesabu kwamba kuta zikibaki ameokoa nusu ya gharama. Hajaokoa nusu. Akishafumua paa, akabadilisha madirisha ya mbao kuweka ya aluminiamu, akatandaza nyaya mpya, akavunja sakafu aweke marumaru, akahamisha choo kutoka uani kukileta ndani na kushusha dari ya jipsamu, alichookoa ni pagale peke yake, yaani kuta tupu na msingi wake. Mambo mengine yote amelipa bei ileile ambayo angelipa kwenye nyumba mpya, tena wakati mwingine zaidi, kwa sababu fundi anayepitisha bomba kwenye ukuta uliokwishasimama anachimba, anaziba, anapiga plasta tena. Swali la kweli basi ni hili: kusimamisha pagale jipya, ukijumlisha kuvunja na kubeba kifusi, ukatoa mbao na mabati utakayouza, kunazidi kiasi gani gharama ya kuliimarisha pagale ulilonalo? Mkadiriaji majenzi anaweza kukuandalia hesabu hiyo kabla hujanunua mfuko mmoja wa saruji. Watu wengi humwita baada ya fedha kukata, na wakati huo hana cha kukadiria.

Halafu kuna kauli inayotolewa kama cheti cha daktari: "Nyumba imechoka." Imechoka wapi? Rangi inayobanduka na chumvi inayopanda ukutani mpaka usawa wa goti inaonyesha kwamba jamvi na msingi havikuwekewa kitu cha kuzuia unyevu, au mchanga uliotumika ulitoka baharini. Inaudhi, ila nyumba haianguki kwa hilo. Nyufa nyembamba zinazotapakaa kwenye plasta bila mpangilio ni za plasta. Ufa wa kuuogopa ni ule unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari ukifuata viungo vya tofali, upana wake ukiongezeka kadiri unavyokwenda. Huo unasema msingi unazama upande mmoja, jambo la kawaida kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kunywea kiangazi. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe pembeni, ngoja masika ipite. Ufa uliotulia mahali pake unazibika. Uliovuka alama unahitaji mhandisi, na plasta mpya juu yake ni kumfichia mgonjwa homa.

Lenta nayo, ule mhimili wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, uitazame kwa chini. Ukiona zege linabanduka vipande na nondo imetokeza ikiwa na kutu, jua kutu inavimba na kulisukuma zege kutoka ndani, na itaendelea kusukuma hata ukipaka rangi ya bei gani. Lenta moja mbovu inabadilishwa, na huo ni ukarabati halali kabisa. Zikiwa zote, pamoja na nguzo za baraza, anza kuzungumza lugha nyingine.

Zile nyumba za vyumba sita na ukumbi katikati, za Magomeni, Ilala na Kariakoo ya zamani, zina mtego wao. Nyingi zilijengwa kwa miti, fito na udongo, kisha miaka ikapita, fedha ikapatikana, zikapigwa plasta ya saruji nje na ndani. Ukizitazama utaapa ni tofali. Gonga kwa kitako cha nyundo usikilize: mahali plasta imeachana na udongo panalia utupu. Bandua kidogo chini karibu na sakafu na utamkuta mchwa alishahamia kwenye nguzo siku nyingi. Nyumba ya namna hiyo haina msingi wa kuzungumzia, kwani miti ilichimbiwa tu ardhini. Hapo sioni cha kukarabati. Okoa milango, kama ni ya mninga, kisha ujenge.

Upanuzi unadharauliwa kuliko yote, maana kitenzi chake ni "kuongeza", na kuongeza kunasikika kama jambo jema lisilo na madhara. Chumba kipya kikiungwa na nyumba ya miaka arobaini, nyumba ile imeshamaliza kukaa kwenye udongo wake na chumba bado hakijaanza. Ukizishikanisha kuta kwa meno ya tofali, ufa utatokea palepale kwenye muungano, na mwenye nyumba atamlaumu fundi kwamba ameiba saruji. Inatakiwa kiungo kinachoruhusu kila upande utulie kivyake, na mfereji wa maana pale paa mbili zinapokutana, la sivyo kila mvua utakuwa na beseni sebuleni. Kupandisha ghorofa ni habari nzito zaidi. Msingi wa nyumba ya chini ulipimiwa mzigo wa nyumba ya chini. Ghorofa linataka nguzo zake zinazoshuka mpaka kwenye misingi yake, na ukishachimba hiyo misingi ndani ya vyumba, ukapitisha na mihimili, uhesabu kwa uaminifu ni nini cha zamani kilichobaki.

Ukivuka kwenda Unguja, mkanganyiko unageuka. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, mamlaka yake ya uhifadhi ipo tangu 1985, na kuvunja nyumba ujenge nyingine si uamuzi wa mwenye nyumba peke yake. Kwa hiyo kule wote wanakarabati, na kosa linakuwa kuamini kwamba ukuta ukibaki umesimama basi ukarabati umefanyika. Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, nene, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, mita tatu hivi, na ndiyo sababu vyumba vimekuwa virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huyatoa taratibu kupitia plasta ya chokaa. Anakuja fundi wa kisasa, anabandua chokaa, anapiga saruji, inanyooka na kupendeza. Maji yanaendelea kuingia lakini njia ya kutokea imezibwa. Yanakaa ndani, yanaozesha vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, na siku saruji ile ikianguka inaondoka na uso wa ukuta.

Cha kuchekesha ni kwamba neno saruji lenyewe lilikuja kwetu na maana iliyo karibu na kile tunachokibandua. Limetoka upande wa Uajemi na Arabuni, na Oman mpaka leo saruj ni udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa, ndio uliotumika kwenye ngome na kwenye aflaji, mifereji yao ya kale ya maji. Hii ya mfuko wa kilo 50 ni ya ukoo mwingine: babu yake alipewa hataza, yaani hati ya uvumbuzi, Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin. Imerithi jina la mwenzake bila kurithi tabia. Mwenye nyumba ya matumbawe anayeambiwa na fundi kwamba "wazee nao walitumia saruji" ajibu kwamba ni kweli, ila si hiyo iliyo kwenye toroli.

Na asiyeamini kwamba ukarabati ni kazi nzito aikumbuke Beit el Ajaib ya hapo Mji Mkongwe. Jumba lile la Sultani Barghash la mwaka 1883 liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa.

Kwenye nyumba za urithi, nakiri, watu wana sababu ya kung'ang'ania neno dogo. Ndugu saba wanaweza kukubaliana "kukarabati" nyumba ya marehemu baba kwenye kikao cha jioni moja. Tamka kujenga upya na hapo hapo itaulizwa hati iko kwa nani, msimamizi wa mirathi ni nani, na shangazi anayeishi chumba cha uani atahamia wapi. Neno ukarabati linapita mlangoni bila kuulizwa kitambulisho. Halmashauri haidanganyiki hivyo: kazi inayogusa kiunzi inataka kibali, uite utakavyoita.

Mimi ningeomba jambo moja tu, na si kwa ubaya. Karatasi ya makubaliano na fundi isiandikwe "ukarabati wa nyumba ya vyumba vinne" halafu sahihi. Iandikwe vitu vitakavyobaki, kimoja kimoja: msingi wote, ukuta wa mbele na wa kati, kenchi za upande wa mashariki. Orodha ikiwa na vitu vya kutosha kubeba paa, andikeni ukarabati juu yake. Ikiwa imebaki na geti na mwembe, basi jamani unajenga nyumba mpya, na hongera.