"Jisaidie nami nikusaidie" haimo katika Biblia

Sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, mama mmoja akishona mdomo wa gunia la viazi aliniambia: "Mwanangu, Biblia inasema jisaidie nami nikusaidie." Nimeusikia usemi huo hata misibani. Haumo, tangu Mwanzo hadi Ufunuo. Wazo lenyewe limo katika ngano ya kale ya Kigiriki: mkokoteni umenasa matopeni, mwenyewe anaambiwa asukume gurudumu kwanza.

Bidii ni njema, shamba halijilimi. Ila kuhusu wokovu Paulo anasema tumeokolewa kwa neema, "wala si kwa matendo" (Waefeso 2:8-9). Habari hiyo Wamoraviani, wamisionari wa Kiprotestanti, waliileta kwetu Rungwe mwaka 1891. Naumia mgonjwa kitandani anapodhani Mungu anamsubiri ajikongoje kwanza. Mhalifu aliyetundikwa karibu na Yesu hakuweza kusukuma chochote. Aliomba tu akumbukwe, akaahidiwa peponi siku ileile.