Kueleza DNA kwa Hesabu ya Atomu

Tarehe 16 Novemba 1974, darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ilirusha ujumbe wa alama 1,679 kuelekea kundi la nyota la M13, lililo umbali wa takribani miaka nuru 25,000. Idadi hiyo ni zao la namba tasa mbili, 23 na 73, hivyo atakayezipanga alama hizo katika mistari 73 yenye nafasi 23 kila mmoja ataona picha.

Baada ya kufundisha namba 1 hadi 10, picha inataja 1, 6, 7, 8 na 15, ambazo ni idadi za protoni katika viini vya hidrojeni, kaboni, naitrojeni, oksijeni na fosforasi. Frank Drake, aliyeuandaa ujumbe kwa msaada wa wenzake akiwamo Carl Sagan, hakuhitaji majina ya elementi, kwa kuwa atomu yenye protoni 6 ni kaboni popote ilipo, hata kama anayeichunguza hana ulimi wala masikio.

Ugumu unaanza hapo. Kila kijenzi cha DNA, molekuli inayobeba maelekezo ya urithi, kimetajwa kwa idadi ya atomu zake, kwa kufuata mpangilio uleule wa elementi tano: adenini, mojawapo ya besi zake, ni 4, 5, 5, 0, 0, fosfati ni 0, 0, 0, 4, 1, sukari ni 7, 5, 0, 1, 0. Hata mkemia wa hapa duniani angesita mbele ya hesabu hiyo ya mwisho, maana sukari hiyo, deoksiribosi, ikiwa peke yake ina hidrojeni 10 na oksijeni 4. Kilichohesabiwa ni kile tu kinachobaki sukari inapokuwa imeungana na fosfati na besi, huku oksijeni za kwenye viungio zikiwekwa upande wa fosfati. Isitoshe, idadi ya atomu haisemi ipi imeshikana na ipi, na atomu zilezile zaweza kupangwa kwa namna nyingi. Kwa maoni yangu, hapa ujumbe unamdai msomaji kuliko unavyomsaidia.

Santuri zilizobebwa na vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977 zilikuwa na nafasi zaidi, zikabeba michoro ya umbo la DNA. Ule wa Arecibo una mistari miwili tu inayojisokota, na katikati yake idadi ya jozi za besi, takribani bilioni 4.3. Leo tunajua kwamba jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ina jozi zipatazo bilioni 3.1, lakini mawimbi yenye hesabu ile ya zamani yangali safarini.