Pumzi Haisubiri Asubuhi: Maswali Wakati wa Janga la Virusi vya Njia ya Hewa

Virusi hivi vinaeneaje?
Kwa hewa na matone yanayomtoka mtu akikohoa, akipiga chafya, hata akiongea. Barakoa izibe pua na mdomo. Ikining'inia kidevuni ni pambo tu. Fungua madirisha, nawa kwa sabuni sekunde 20, ukiumwa usiende kwenye watu.

Nauguza mtu nyumbani. Niangalie nini hasa?
Pumzi. Ndugu wengi hukesha na homa, pumzi hawaitazami. Kwa UVIKO-19, waliozidiwa mara nyingi walizidiwa kati ya siku ya 5 na ya 10, nyumba nzima imeshaanza kushukuru. Akiwa ametulia, hesabu anavyopumua dakika nzima, bila kumwambia. Mtu mzima akizidi mara 30, mkimbize hospitali. Vivyo hivyo akikatiza maneno ili avute hewa, akibanwa kifua, akichanganyikiwa, au midomo na ulimi vikigeuka buluu au kijivu.

Lakini bado anaongea na kuchezea simu. Tusubiri asubuhi?
Hapana. Oksijeni inaweza kushuka sana kwenye damu mtu akiwa bado anapiga soga. Hospitalini nimepokea walioingia kwa miguu yao, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikasoma asilimia themanini na kitu. Kawaida ni 95 hadi 100. Chini ya 94, aonwe siku hiyo hiyo. Chini ya 90 ni dharura. Kidole cha baridi au chenye rangi ya kucha hukidanganya kipimo, na kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Namba ikiwa nzuri na mtu anahema, amini kuhema.

Tumfukize kwanza, ikishindikana ndiyo tuje?
Hapana, tena hapana! Mvuke hauui virusi vilivyo mapafuni, ila maji ya moto yanaunguza ngozi. Hilo "kwanza" limenichosha: tumfukize kwanza, tumpe antibiotiki zilizobaki kwanza (zinaua bakteria, si virusi). Kila "kwanza" ni saa nyingine bila oksijeni.

Kuna sauti inasambazwa kwenye simu, inasema anayewekewa oksijeni harudi.
Msemaji ni nani? Ameirekodi lini? Wizara ya afya imesema hivyo? Kama hakuna jibu, ifute. Waliofia kwenye oksijeni wengine waliletwa wamechelewa, kisha mtungi ukabebeshwa lawama. Mwaka 2020, utafiti mkubwa nchini Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, hupunguza vifo kwa wagonjwa wa UVIKO-19 wanaohitaji oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni dawa hiyo haikuleta nafuu, kwa hiyo usiinunue ukamnywesha nyumbani.

Chanjo?
Chanja. Unaweza kuambukizwa bado, lakini uwezekano wa kuzidiwa au kufa unapungua sana.

Njiani tufanye nini, na tukifika tuseme nini?
Mketishe wima, msimlaze chali. Mkifika, tuambieni siku dalili zilipoanza na kila alichokunywa, hata kile mnachoona aibu kukitaja.