Soksi tatu hazikupi joto mara tatu

Wengi wanaojiandaa kuendesha pikipiki ya theluji, yaani chombo cha injini kinachoteleza juu ya theluji, hudhani kwamba soksi zikiwa nyingi, miguu itapata joto zaidi. Mara nyingi huwa kinyume. Kinachozuia baridi ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Buti likibana, hewa hiyo hutoka, na damu nayo haifiki vizuri vidoleni. Soksi moja nene ya sufu, ndani ya buti lisilopitisha maji na lenye nafasi ya kuchezesha vidole, inazishinda tatu zilizoshindiliwa. Za pamba ziache kabisa: zikilowa jasho hazikauki upesi, na hupoteza joto la mwili. Na jasho litakutoka tu, hasa unapokwamua chombo kilichozama thelujini. Bitana ya buti, kama inachomoka, ianikwe kila jioni.