Uraia wa kujitangazia ni kitu gani?

Mzee mmoja jirani yangu huku Katuba, Lubumbashi, ana sarafu ya faranga 5 ya mwaka 1961. Upande mmoja ina ndizi, upande wa pili msalaba wa Katanga, jimbo la Kongo lililowahi kujitangaza nchi. Siku moja mjukuu wake aliichukua kwenda kununulia mkate, akarudi mikono mitupu na kicheko cha muuzaji nyuma yake. Sarafu yenyewe haina kasoro: imechongwa vizuri, ina jina la nchi na mwaka. Imekosa tu wa kuipokea.

Uraia wa kujitangazia uko hivyohivyo. Ni uraia unaotolewa na watu waliosema "sisi sasa ni huru", na dola nyingine zikakaa kimya.

Neno raia tumelipata kwa Kiarabu, na asili yake ni kundi linalochungwa. Kwa hiyo raia ana mchungaji wake, na kati yao kuna kamba: dola inakudai kodi na utii, wewe unaidai ulinzi. Kitambulisho ni ushahidi wa kamba hiyo, si kamba yenyewe. Ukipoteza karte yako ya mpiga kura, ambayo kwetu imekuwa kitambulisho cha kila kitu kwa miaka mingi, unakwenda komini kuomba hati ya kupotelewa. Uraia haukudondoka sokoni pamoja na pochi. Vilevile mtu anaweza kuchapa pasi maridadi yenye nembo na mhuri, kumbe kamba haipo.

Mfano ninaoupenda ni wa Frestonia. Tarehe 31 Oktoba 1977, wakaaji wa Freston Road, magharibi mwa London, walijitangaza jamhuri. Nyumba zao zilikuwa zibomolewe. Wakauandikia Umoja wa Mataifa, wakachapa stempu, na wageni wakawa wanagongewa mhuri kwenye pasi. Kisha wakaaji wakachukua jina moja la ukoo, Bramley, ili wakuu wa jiji wakitaka kuwahamisha, wawahamishe wote pamoja kama jamaa moja. Hila hiyo hapa kwetu ingeeleweka bila maelezo! Hakuna nchi iliyowatambua, na pasi yao isingemvusha mtu mpaka wowote, lakini wakuu walikubali kukaa nao mezani, na mwishowe ukazaliwa ushirika wa nyumba wenye jina hilohilo la Bramley.

Jamii ya Christiania mjini Copenhagen, Denmark, iliyoanza 1971 kwenye kambi ya jeshi iliyoachwa, ina bendera yake na mikutano yake inayoamua nani ahamie. Ila Mdenmark anayeishi humo anasafiri kwa pasi ya Denmark kama wenzake. Sealand, ngome ya zamani ya vita kwenye bahari ya Uingereza, ilitoa pasi kweli, halafu 1997 ikazifuta baada ya za bandia kuzagaa mikononi mwa matapeli.

Turudi nyumbani. Katanga ilijitangaza tarehe 11 Julai 1960, ikaisha Januari 1963. Ilikuwa na jeshi, benki, stempu, na kodi ya migodi, vitu ambavyo Frestonia isingeviota. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unaitaka dola iwe na watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Hilo la nne ndilo lililoishinda: hakuna nchi hata moja iliyoitambua, hata Ubelgiji iliyokuwa ikiisaidia.

Kuna rafiki aliniuliza: Katiba yetu ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee, je, akinunua kadi ya jamhuri ya namna hiyo atapoteza wake? Kwa fikra yangu, hapana. Ili uraia mwingine ugongane na wa kwetu, lazima kwanza uwe uraia mbele ya sheria. Amenunua kumbukumbu ya safari tu.

Ile sarafu mzee ameirudisha kwenye kopo la maziwa. Humo mna pia kitambulisho chake cha wakati wa Zaire, nchi iliyojulikana dunia nzima kwa jina hilo hadi 1997. Jina likabadilika, yeye akabaki raia. Akienda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, vyote viwili anaviacha nyumbani.