Si maringo wala vidonda vya tumbo: tunavyokosea kuhusu magonjwa ya ulaji na tiba yake

Kwa miezi kadhaa binti wa dada yangu alitibiwa vidonda vya tumbo. Alikuwa na miaka 16. Mwenyewe ndiye aliyesema tumbo linamuuma kila akila, nasi tukamwamini, maana vidonda kila nyumba inavijua. Nilikuwa nakaa naye mezani nikimwona anavyosukuma maharage ukingoni mwa sahani, moja moja, kama anapanga kete za bao, kisha anatandaza wali ili ionekane umepungua. Mama yake akasema anaringa. Bibi yake akasema ni jini. Anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa hofu ya kunenepa, hakuna aliyeitaja, kwa sababu neno lenyewe hatukuwa nalo.

Niliyoyasikia wakati ule nayasikia mpaka leo kwa watu wengine, kwa hiyo nitayapitia.

"Huo ni ugonjwa wa Wazungu."

Jina la anoreksia lilitolewa London mwaka 1873 na daktari William Gull, na tafiti nyingi zimefanyika Ulaya na Marekani. Lakini pahali jina lilipotoka si mwisho wa ugonjwa. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa wanawake wa Tanzania, na wapo waliokutwa na dalili. Kwetu kinachobadilika ni kificho. Mtu anasema ana vidonda, au amekula kwa rafiki, au anafunga Jumatatu na Alhamisi. Na kwa kuwa mtu akikonda watu wananong'ona Ukimwi, familia nayo inaficha.

Hapo kwenye funga niseme wazi: Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Binti yetu alilia sana Ramadhani ile alipoambiwa ale mchana. Mwalimu wake wa madrasa ndiye aliyemtuliza, kwa kumwambia kwamba ruhusa hiyo imetoka kwa Mungu mwenyewe, na kuikubali ni ibada pia. Sisi tulikuwa tumeyasema hayo hayo, hakuyasikia.

"Anaringa tu. Njaa ikimshika atakula."

Hatakula. Huu ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, kwa moyo kushindwa na kwa watu kujiua. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya hatari hurithiwa, na mwaka 2019 wanasayansi walitangaza sehemu nane za vinasaba zinazohusiana na anoreksia. Hakuna anayejichagulia.

"Mbona ni mnene? Hawezi kuwa na ugonjwa huo."

Wengi wenye magonjwa ya ulaji hawajakonda. Mwenye bulimia, yaani anayekula kupita kiasi kisha akajitapisha, mara nyingi ana uzito wa kawaida kabisa, na huku kujitapisha kunashusha madini ya potasiamu mwilini mpaka mapigo ya moyo yanavurugika. Wapo pia wanaokula chakula kingi kwa mkupuo, kwa siri, bila kuweza kujizuia, wala hawajitapishi. Hali hiyo ilitambuliwa kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013. Watu hawa wakienda hospitali huambiwa wapunguze kula, na wanarudi nyumbani na aibu mara mbili.

"Atibiwe akili kwanza, chakula kitakuja chenyewe."

Hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi, na ndipo ningependa kila mzazi asimame asome.

Mwishoni mwa 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36, wazima wa mwili na akili, waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa miezi sita. Vijana wale walianza kuota chakula. Walisoma vitabu vya mapishi, wakakata chakula vipande vidogo vidogo, wakakaa na sahani moja muda mrefu mno. Wakawa na huzuni, wakajitenga. Hakuna aliyekuwa na ugonjwa wa ulaji kabla ya hapo. Njaa yenyewe ndiyo iliyowageuza.

Maana yake, mambo mengi tuliyodhani ni tabia mpya ya binti yetu (hasira, ukimya, kukaa jikoni akiwapikia wengine asichokula mwenyewe) yalikuwa ni ubongo wenye njaa. Ubongo wa namna hiyo hauwezi kushika mazungumzo na mnasihi. Chakula ni dawa ya kwanza, mazungumzo yanaenda sambamba nacho.

"Basi mshindilieni ashibe."

Hapana! Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akijazwa chakula ghafla, madini ya fosfati na potasiamu yanaweza kushuka kwenye damu, na moyo ukasimama. Madaktari waliona vifo vya namna hiyo kwa mateka waliotolewa kambini baada ya Vita Kuu ya Pili. Aliyedhoofika sana aanzie hospitali, apimwe damu mara kwa mara, na chakula kiongezwe kidogo kidogo.

"Wazazi ndio walioharibu, wakae pembeni."

Dada yangu aliambiwa hivyo, waziwazi, na mtu aliyevaa koti jeupe. Alilia wiki nzima. Wakati huo huo, moja ya tiba zenye ushahidi mzuri zaidi kwa vijana wenye anoreksia inawaweka wazazi katikati. Ilianzia hospitali ya Maudsley, London. Kwanza wazazi wanashika usimamizi wa milo yote, halafu wanamrudishia mtoto taratibu, na mwishoni wanazungumza naye mambo ya ujana wake.

Kwetu ilikuwa hivi: mama yake anapakua, anakaa naye, hagombani wala habembelezi kwa zawadi. "Mwanangu, najua unaogopa. Tonge moja, kisha jingine. Sitoki hapa." Mlo mmoja ulichukua saa moja na nusu, chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Kesho yake vilevile. Kwa watu wazima ipo tiba nyingine ya mazungumzo, iliyoboreshwa Oxford na Christopher Fairburn, ya vikao kama 20, au 40 kwa aliyepungua sana uzito.

"Akishaugua ndiyo basi."

Huko Boston watafiti waliwafuatilia wanawake wenye anoreksia na bulimia kwa zaidi ya miaka 20. Baada ya miaka tisa, wenye anoreksia waliopona hawakufika theluthi. Ilipofika miaka 22, walikuwa asilimia 62.8. Wengi waliohesabiwa kuwa wameshindikana walikuwa bado njiani.

"Amejaa sasa, amepona."

Uzito hurudi kwanza, hofu inachelewa. Shangazi mmoja alimwambia binti yetu arusini, kwa upendo kabisa, "Umependeza, umenenepa!" Hakula siku mbili. Mkikutana na mtu anayepona, mwulizeni masomo, mwulizeni usingizi, mwili wake uacheni.

Sasa ana miaka 22. Mwezi uliopita alikuja kwangu, akakuta nakaanga vitumbua. Akachukua kimoja cha moto, akakitafuna akiwa amesimama huku ananisimulia habari za chuo, akachukua cha pili. Niligeukia karai nisimwonyeshe uso wangu.